Aya Tatu kwa Wiki

Hotuba niliyoitoa kwa wazazi hapa Lamu mjini baada ya swala ya alasiri. Nimeiandika yote kwa ajili ya kina mama na kina baba ambao hawakuwahi kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na maswahaba zake wote.

Mama zangu, baba zangu, dada zangu, na nyinyi mliosimama mlangoni na watoto mikononi, ingieni, nafasi zipo. Waacheni watoto wacheze. Kelele zao hazinisumbui, kwa sababu habari tuliyokuja kuizungumza ni habari yao.

Nawauliza swali moja kabla sijasema lolote. Mtoto wako amesoma nini chuoni, yaani madrasani, wiki hii? Siulizi yuko juzuu gani, wala siulizi anasoma kwa maalim gani. Nauliza wiki hii, Jumamosi hadi leo. Sura ipi? Aya ipi? Dua ipi?

Mnatazamana. Na nikiwauliza njiani, jibu huwa moja: "Maalim ndiye ajuaye." Kweli maalim anajua. Lakini maalim ana safu nzima ya watoto mbele yake, na muda alionao ni baina ya alasiri na maghribi. Mtoto wako akifikiwa, anasikilizwa dakika chache, anasahihishwa, anaambiwa nenda karudie. Akarudie wapi? Nyumbani. Nyumbani juzuu inawekwa kwenye kidaka, na haiondoki hapo mpaka kesho alasiri, mtoto anapoambiwa kimbia, umechelewa.

Sisi ni watu wa Lamu. Watu wamevuka bahari, wametoka Ngazija, wametoka Tanzania bara na visiwani, wakaja hapa kusoma Riyadha, katika chuo alichokiacha Habib Swaleh. Maulidi yakifika mji unajaa wageni hata pa kulala panakosekana. Wanakuja kutafuta elimu na baraka katika mji wetu. Basi mtoto aliyezaliwa hatua mia kutoka hapo akikosa elimu, tutamlaumu nani? Tutalaumu umbali?

Leo sikuja kuwaambia watoto wasome zaidi. Wengine wamechoka, nawaona: asubuhi shule, alasiri chuo, usiku kazi za shule. Nimekuja kuwaomba nyinyi wazazi mchukue sehemu ndogo sana ya elimu hii, muiweke ndani ya nyumba, muipe wakati wake katika wiki, na msiiache. Ndogo sana. Lakini msiiache.

Tuanze na nyumba yenyewe.

Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto wa Bi Ummu Salama, mkewe Mtume, akilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Siku moja wamekaa wanakula, na mkono wa huyu mtoto unazunguka sahani nzima, mara huku, mara kule. Nyote mnaijua picha hiyo, sinia imewekwa katikati na mtoto anawinda kipande cha nyama kilicho upande wa babu yake. Mtume alimwambia nini? "Ewe kijana, taja jina la Mwenyezi Mungu, na ule kwa mkono wako wa kulia, na ule kilicho mbele yako." Basi. Maneno matatu, palepale kwenye chakula. Hakumtoa kwenye sinia, hakumwaibisha mbele ya watu. Na Umar huyu alipokuwa mtu mzima akaisimulia hadithi hiyo mwenyewe, na Bukhari ameipokea, akasema kuwa tangu siku ile huo ndio ulikuwa ulaji wake.

Tazameni darasa lile. Lilichukua muda gani? Kitabu kilikuwa wapi? Ubao ulikuwa wapi? Darasa lilikuwa sinia, na mwanafunzi alibaki nalo umri wake wote.

Kuna mambo maalim wa chuo hawezi kuyafundisha hata akitaka, kwa sababu hayuko pale yanapotokea. Hayuko mtoto anapokula. Hayuko anapoingia chooni, anapolala, anapomjibu dada yake kwa ukali, anapopewa shilingi kumi abaki nayo au atoe sadaka. Wewe uko. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tahrim anatuambia tujiokoe nafsi zetu na watu wetu na Moto. Amri hiyo imeteremshwa kwa mzazi. Maalim anakusaidia, wala hakuondolei.

Na msiniambie kwamba hii ni kazi ya wasomi. Huku kwetu visiwani, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, na akiwa katika ugonjwa huo akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa kumuusia dini yake na maisha yake. Mama na binti, ndani ya nyumba. Hatuwezi sote kutunga utendi. Lakini ni nani hapa asiyeweza kumwita mwanawe akamwambia, "Ndoo, keti hapa, nisomee"?

Hapo ndipo penye jambo la pili, na hili ndilo lililonileta hasa. Kidogo chenye kudumu.

Bi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu, hata zikiwa chache. Hadithi hii tunaisoma, tunaipenda, kisha tunafanya kinyume chake. Ramadhani ikiingia kila mtu ana hamu: mtoto asome juzuu nzima, ahifadhi Yaasin, aamke usiku. Mfungo mosi ukiingia, kimya. Kitu kikubwa cha mwezi mmoja, kisha miezi kumi na moja hakuna kitu.

Qur'ani yenyewe imeteremka vipi? Kwa miaka 23. Makafiri walikuja na swali hilihili: kwa nini haikuteremshwa yote kwa pamoja? Na jibu liko katika Suratul-Furqan: ni kwa ajili ya kuuthibitisha moyo wako. Ukimmiminia mtoto mengi kwa mara moja, moyo wake hauthibiti. Na Abu Abdurrahman as-Sulami, aliyesoma kwa maswahaba, amesimulia kuwa walimu wake walikuwa wakichukua aya kumi kwa Mtume, na hawazivuki mpaka wajue mna elimu gani na amali gani ndani yake. Aya kumi, na wao ni maswahaba, wenye lugha yao. Mtoto wako wa darasa la pili mpe tatu.

Aya tatu kwa wiki. Mnasema ni chache? Basi tuhesabu pamoja. Kuanzia Qul a'udhu birabbin-nas kurudi nyuma mpaka Wad-dhuha ni sura 22. Aya zake, kwa msahafu huu tunaousoma sote, ni 157. Ukigawanya kwa tatu, unapata wiki 52 na aya moja ikabaki. Mwaka mmoja! Mtoto aliyeanza leo kwa aya tatu, mwakani siku kama ya leo anaswali kwa Wad-dhuha. Na kuna wiki zitakazokuwa nyepesi mno: Innaa a'atwainaa ni aya tatu, Wal-asri ni aya tatu, Idhaa jaa ni aya tatu. Kila moja wiki moja, sura imekamilika, mtoto anafurahi. Mkifika Lam yakunil-ladhina aya ni ndefu, basi mpeni wiki zaidi, hakuna anayemkimbiza.

Kuna mama mmoja hapa mjini, hakusoma sana, na msahafu anausoma kwa taabu. Mchana yuko shughulini, na jioni anapika mikate ya kuuza. Nilipita kwake nikamkuta anakanda unga, mikono yote imo ndani ya bakuli, na mtoto wake wa kiume amekaa kwenye kibao ameshika juzuu, anasoma. Mama hakuwa akimtazama. Mtoto akafika pahali sauti ikashuka, akaanza kumung'unya maneno. Mama akasema, "Rudi nyuma, hapo huijui." Nikamuuliza amejuaje, na yeye ameniambia sura hiyo hakuihifadhi. Akanijibu, "Mwanangu akijua husoma kwa nguvu. Asipojua hujificha."

Mmesikia, mama zangu? Hakuhitaji tajwidi kulijua hilo. Alihitaji kuwepo. Kosa la herufi atalisahihisha maalim kesho. Kazi ya mama ni kusikia.

Sasa wiki yenyewe tuipange vipi? Wenye kalamu andikeni, wasio nazo sikilizeni, si jambo la kushinda kichwa.

Wakati mzuri kuliko wote ni baina ya maghribi na isha. Ni muda wa saa moja na kidogo, jua limezama, watoto wamerudi, na mji wenyewe umetulia. Katika saa hiyo nataka dakika 20 tu. Nyumba nyingine wakati huo baba yuko msikitini au mama yuko jikoni. Basi chagueni baada ya alfajiri, au kabla ya kulala. Lakini ukishauchagua wakati, usiuhamishe kila siku. Mtoto akijua kuwa baada ya maghribi ni Qur'ani, kama anavyojua kuwa baada ya isha ni chakula, hakuna ugomvi. Ugomvi huja pale ambapo leo ipo, kesho haipo.

Jumamosi mnaanza aya mpya. Wewe unasoma, au unaweka kinasa sauti cha msomaji, yeye anafuata. Si zaidi ya hapo. Jumatatu na Jumatano ni kurudia zilezile tatu, pamoja na sura ya wiki iliyopita, na ile ya kabla yake. Msidharau kurudia. Watoto wengi wanaoletwa chuoni wamehifadhi na wamesahau, na aliyesahau huona haya kuliko ambaye hakusoma kabisa.

Jumapili na Jumanne ni siku za vitendo. Hakuna kusoma kitabu. Chukueni udhu. Mpeleke kwenye birika, au kwenye mfereji, umpe kopo la maji atawadhe mbele yako huku anakueleza: sasa naosha nini, mara ngapi, kwa nini nimeanza kulia. Kisha mtazame visigino. Nasisitiza, watazameni visigino! Watoto wetu wanatembea na kandambili mchana kutwa kwenye mchanga na vumbi la njia za mji, na wakitawadha maji yanapita juu ya mguu, kisigino kinabaki kikavu. Mtume aliwaona watu wametawadha kwa haraka na visigino vyao havikufika maji, akapaza sauti kuwa ole wao visigino na Moto. Hilo mtoto hatalijua kwa kusomewa nguzo za udhu. Atalijua siku utakapoinama ukamshika mguu ukamwonyesha hapa ni pakavu, rudia.

Udhu ukikaa sawa, wiki zinazofuata ni swala: rukuu mgongo uko vipi, kwenye sijida pua iko wapi, Attahiyyatu inasomwa vipi. Kisha dua ndogondogo, ya kulala, ya kuamka, ya kuingia chooni, ya kupanda chombo. Ndiyo, ya kupanda chombo. Tunavuka kwenda Mokowe, tunavuka kwenda Manda, watoto wanapanda mashua kila siku, na Subhaanal-ladhi sakhara lanaa haadhaa wengi hawaijui.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Mtume. Mswalieni, someni qasida mnazozijua, na mtoto asimuliwe kisa kimoja tu cha sira. Leo Halima as-Saadiyya aliyemnyonyesha Mtume, wiki ijayo mtawa Bahira, wiki ya pili yake pango la Thawr alimojificha Mtume. Babu na bibi wakiwepo waachieni wao usiku huu. Simulizi kwa wazee hunoga. Ijumaa yenyewe ni kuoga, kukata kucha, kuvaa nguo safi, na kila mtoto atoe sadaka kwa mkono wake mwenyewe, hata iwe ndogo vipi. Ijumaa jioni pumzikeni. Siku moja ya kupumzika isiwape hatia.

Je, wenye watoto wa umri mbalimbali? Aliye chini ya miaka saba mwache akae, asikie, aondoke akitaka. Aliyepita kumi mpe kazi ya kumsikiliza mdogo wake, naye atahifadhi bila kujua kuwa anahifadhi. Mambo hayo mtayaona wenyewe.

Na baba aliye Mombasa, au aliye Saudia, au aliye baharini? Usiku wa kuamkia Ijumaa simu ipigwe, na mtoto amsomee baba aya zake tatu kabla ya kuzungumza lolote jingine. Kina baba, nawaomba, siku hiyo msiulize kwanza habari ya karo. Ulizeni aya.

Jambo la tatu ni maana, na hapa nina uchungu kidogo. Tuna watoto wanaosoma Qur'ani kwa sauti nzuri mno, na ukimuuliza neno moja tu la sura aliyoisoma, anakutazama. Kosa si lake. Hakuna aliyemwambia. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ipo kwa Kiswahili tangu mwaka wa 1969, wengi wenu mnayo nyumbani, imefungwa kwa kitambaa, iko juu ya kabati. Ishusheni! Siku ya kurudia, mzazi asome maana ya zile aya tatu, kisha amuulize mtoto swali moja: hii tutaifanya vipi hapa nyumbani?

Nyumba moja huko mtaa wa Langoni walikuwa kwenye sura ya Araaital-ladhi. Mama akamsomea binti yake maana ya aya ya mwisho, kuwa kuna watu wanaonyima vitu vidogo vidogo ambavyo watu huazimana, na wafasiri wametaja ndoo na chungu. Siku ya pili jirani akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mama mwenyewe alikuwa na nazi hazijakunwa, akaanza kusema, "Mwambie bado twaitumia." Binti wa miaka minane, mbuzi ameshaikamata mkononi, akamwambia, "Mama, hii si ile ya jana?" Na mbuzi ikaenda kwa jirani.

Yule mama amenipa idhini nilisimulie, na alinisimulia akilia. Maalim gani wa chuo angeweza kuifundisha sura ile namna hiyo? Aya iliteremka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mlangoni kwao.

La mwisho ni upole, na sitarefusha, kwani jua linakwenda.

Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake wakimwita Abu Umayr. Alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, yule ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume alipowazuru alimwambia, "Ewe Abu Umayr, amefanya nini Nughayr?" Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima mabegani mwake, anamjua ndege wa mtoto. Je, wewe unajua jina la paka wa mwanao? Unajua nani amemkasirisha shuleni leo? Dakika 20 zile, tano za mwanzo ziwe za kumuuliza habari zake. Mtoto aliyesikilizwa husikiliza.

Na kuhusu swala, wazazi wengi wanasubiri miaka kumi ifike ndipo waanze, na wanaanza kwa fimbo. Hadithi ya kuwaamrisha watoto swala imeanza na miaka saba, na pale saba imetaja kuamrisha tu. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na katika miaka mitatu kuna swala za faradhi zaidi ya elfu tano. Umemwita kwa upole mara elfu tano? Umemwita hata mara mia? Aliyeitwa elfu tano, naye anamwona baba anaondoka kwenda msikitini na mama ametandika mswala, hawezi kufika miaka kumi hajui swala ni nini.

Mniruhusu nijibu na swali mlilonitumia kabla, maana limerudiwa na wengi: tufanye nini wiki ikiharibika? Harusi imeingia, mtoto ameugua, mitihani ya shule imefika. Jibu langu ni kwamba wiki ikiharibika msiifidie. Msimrundikie mtoto aya sita kwa sababu wiki iliyopita mlikosa tatu. Anzeni Jumamosi mlipoachia, na zilezile tatu. Wiki ya mitihani iwe ya kurudia tu, dakika tano kabla ya kulala. Ramadhani ikiingia ongezeni mkitaka, lakini zile tatu zisiguswe, ili mfungo mosi ukifika ziwepo.

Aliyekosa tafsiri nyumbani, au asiyejua mwanawe aanzie sura gani, asiondoke bila kuniona. Leteni na watoto, nitawasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja arudi na aya zake tatu zimeandikwa kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Kina baba mko upande wa nje na maalim atawasikiliza nyinyi.

Rabbanaa hab lanaa min azwaajinaa wadhurriyyaatinaa qurrata a'ayunin waj'alnaa lil-muttaqina imaamaa. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.